Maji Ambayo Shemeji Hakuyachota

Habari ya kufariki kwa shemeji yangu niliipata Jumatatu asubuhi, karibu na stendi ya Shinyanga, nikiwa nimeshika maandazi mawili ya moto. Kondakta wa basi la Geita aliniita pembeni, akavua kofia, ndipo akasema: "Mzee kanituma nikwambie Mama ametutoka. Wanazika leo alasiri, Kalangalala." Makondakta wetu hawana kawaida ya kuvua kofia, na nadhani nilijua kabla hajafungua mdomo. Maandazi sikumbuki niliyaacha wapi. Nilipanda basi lile lile, na tulipofika Kalangalala watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini na udongo kwenye viatu. Wiki hii nilikusudia kuwaandikia wasomaji wangu juu ya ubovu wa barabara zetu. Barabara zitakuwepo wiki ijayo zikiwa mbovu vile vile, kwa hiyo leo naomba mnivumilie, nimkumbuke mtu.

Sitamtaja jina, kwa sababu hakupenda kusemwa. Hakuwa ndugu yangu wa damu. Mume wake, ambaye nitamwita Mwalimu, alifundisha fizikia katika shule ya sekondari ambayo mimi nilifundisha Kiswahili, na nyumba zetu za walimu ziligawana ua mmoja. Siku ya kwanza nilipogonga mlango wao kuomba moto, yule mama aliangalia kanzu yangu, akaangalia kigae cha mkaa mkononi mwangu, akasema, "Shemeji, hata kiberiti huna?" Ushemeji wenyewe ukaanzia hapo, na tangu siku ile hakuniita kwa neno jingine. Mimi ni mtu wa mjini, babu zangu walikuja Shinyanga kutoka pwani kuuza chumvi na kanga. Yeye alikuwa Msukuma wa Rwamgasa, upande wa Geita, binti wa mzee aliyehamia kule kutafuta ardhi akakuta watu wanatafuta dhahabu. Alinicheka Kiswahili changu kwamba kimepigwa pasi. Nami nilimcheka chake, kwamba kinakwenda pekupeku. Namna ile ya kutaniana imekwisha kwangu, maana hakuna mwingine aliyeijua.

Ili mwelewe nitakalosema inabidi nieleze kazi ya Mwalimu, nami nitaieleza kama alivyonieleza mimi nisiyejua chochote. Mwishoni mwa miaka ya sitini alikuja mtaalamu kutoka chuo kikuu, akasimamisha nguzo nyuma ya bweni la wavulana, akatandaza juu yake nyaya za shaba, akazileta ndani ya nyumba ya Mwalimu hadi kwenye mashine iliyoendeshwa na betri za gari. Betri zilikwenda kuchajiwa Songwa, kwa rafiki yake aliyefanya kazi kwenye mgodi wa almasi. Nyaya zile zilisikiliza mbinguni. Kuna vitu huko juu, alisema Mwalimu, ambavyo macho hayavioni lakini vinavuma kwenye redio usiku na mchana, jua liwepo lisiwepo. Kimoja kilichovuma kuliko vingine kilipita kila siku chini upande wa kaskazini, upande wa barabara ya Mwanza, katika kundi la nyota liitwalo Kasiopea. Kilipopita, kalamu ya mashine ilipanda juu ya karatasi kisha ikashuka, ikachora kilima. Wataalamu wa dunia walikuwa wamekichagua kile kuwa kipimo cha vingine vyote, kama jiwe la kilo kwenye mizani ya duka. Ukitaka kujua ukali wa nyota yoyote ya redio, unauliza ni sehemu gani ya ile. Mwalimu alikiita tu "nyota yangu". Wanafunzi walianika mashati kwenye nyaya zake, naye akawafukuza kwa fimbo, nami nikamwambia mkoa mzima hauna kamba ya nguo yenye elimu kama ile.

Sasa, mashine nayo huweza kudanganya. Leo ina nguvu, kesho betri imelegea, na kilima kikipungua hujui ni nyota imepungua au mashine imechoka. Kwa hiyo baada ya kila kilima, Mwalimu alibadili swichi, mashine ikaacha kusikiliza mbingu ikasikiliza kitu kidogo kilichokuwa nyumbani, rizista, kipande cha kupinga umeme kisichozidi ukucha. Kitu hicho nacho huvuma, na mvumo wake hutegemea joto lake tu. Kalamu ilichora ngazi bapa, na Mwalimu akalinganisha urefu wa kilima na urefu wa ngazi. Ngazi ile ikiwa ya kuaminika, kilima nacho kitaaminika. Lakini joto la rizista lilitakiwa lisibadilike, na hapa ndipo shemeji yangu anapoingia. Vipimajoto vya maabara ya shule havikukubaliana hata vyenyewe kwa vyenyewe, kila kimoja kilisoma lake. Mwalimu alifunga rizista ndani ya kikopo, akakiziba kwa nta, akakizamisha ndani ya mtungi mkubwa wa udongo uliofukiwa hadi shingoni kwenye kona ya chumba. Maji ya mtungi uliofukiwa hukaa na ubaridi ule ule, mradi mtu asiyachote na asiongeze mengine. Akapiga mstari wa mkaa ndani ya shingo, akamwambia mkewe: mtungi huu usiguswe.

Wasomaji wa Shinyanga hawahitaji kuelezwa neno hilo lina uzito gani. Wengine nawaambia: tulikuwa na misimu ambayo wanawake walitoka alfajiri na madebe, wakachimba mchanga wa mto mkavu kwa mikono, wakangoja maji yachuje taratibu, wakarudi jua likiwa kichwani na maji yenye joto la chai. Katika nyumba ya Mwalimu mtungi ulijaa maji safi, yaliyotulia, ya baridi, umefunikwa sahani, na hakuna aliyekunywa. Siku moja katika ukame mbaya nilikwenda kwao mchana, nimetoka mjini kwa miguu, koo limekauka. Shemeji alinikaribisha, akachungulia ndoo yake, akaona haina kitu, akachukua kikombe akatoka. Alirudi baada ya muda na maji nusu kikombe aliyoazima nyumba ya tatu. Niliona haya, nikamwambia, "Shemeji, umekwenda kuombaomba kwa watu na maji yamejaa hapo?" Alitazama ule mtungi kama mtu anayetazama mgeni aliyelala. "Hayo si maji, Shemeji," akasema. "Hayo ni kazi ya Mwalimu."

Majirani walimsema. Walimwita mke wa mganga, walisema yule mwanamume ana zindiko mtungini, na wenye watoto wadogo walikuwa na uchungu wa kweli ambao siwezi kuwalaumu. Yeye mwenyewe alikuwa na mtoto wa kike aliyeanza kutembea mwaka ule. Alivumilia maneno yote na aliyajibu kwa mzaha. Nimewahi kuona uvumilivu wa aina nyingi, mwingine ni uvivu wa kugombana tu, lakini wake ulikuwa na kiburi ndani yake. Aliamini kuwa nyumba yake inafanya kazi ambayo dunia inaihitaji, na kwamba yeye ni nusu ya kazi hiyo. Nadhani ndiyo maana yaliyofuata yalimuuma kiasi kile.

Kilichofuata ni kwamba kilima, kikilinganishwa na ngazi, kilianza kushuka. Si kwa siku moja, ni kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, kalamu ilifika chini ya ilipofika mwaka uliopita. Mwalimu alibadilisha betri, akakaza nyaya, akasugua viunganishi kwa limau. Kilima kikaendelea kushuka. Nyota yenyewe haikuweza kushukiwa, maana ndiyo kipimo cha dunia nzima, na nani angethubutu kusema jiwe la kilo limepungua? Ilibaki ngazi. Ikiwa ngazi imepanda, basi rizista imepata joto, na rizista ikipata joto, basi maji yaliyo mtungini si yale. Mstari wa mkaa haukuwa umeshuka, kwa hiyo Mwalimu akafikia hesabu yake: kuna mtu anachota maji ya baridi na kurudishia ya moto yaliyotoka mtoni. Katika nyumba ile mtu wa kuchota maji alikuwa mmoja.

Nilikuwepo jioni alipomuuliza, tunakula wote, ugali na mlenda. Hakupaza sauti. Mtu wa fizikia huwa hapazi sauti, na ingekuwa nafuu angepaza. "Nani anachota kwenye mtungi?" akasema.

"Hakuna."

"Karatasi zinaonyesha kuna anayechota."

"Mimi sijachota," shemeji akasema. "Mtoto hafiki. Labda umuulize Shemeji hapa."

Nikacheka, nikitumaini watacheka. Mwalimu hakucheka. "Mke wangu, nyota haidanganyi."

Yule mama alinawa mikono taratibu, akafuta vidole kimoja kimoja kwenye kanga. "Basi kaoe nyota," akasema. Asubuhi alipanda lori la pamba na mtoto mgongoni na furushi la nguo, akaenda kwao Rwamgasa.

Kipindi kile sitaki kukisimulia kwa urefu. Nyumba isiyo na mwenyewe huonekana hata uani. Majani yaliota mlangoni, jivu likajaa jikoni. Mwalimu alipika ugali uliojaa mabonge, akala amesimama. Mtungi ulikuwa pale pale umejaa, na sasa kweli hakuna mtu wa kuushuku, na kilima bado kilishuka. Alipoliona hilo alijifariji kwamba mashine imeharibiwa na hitilafu ya zamani. Nilimwambia aache mambo ya mbinguni aende akamlete mkewe, akanijibu kwamba ataenda akiwa na uhakika. Hilo neno uhakika lilikuwa ugonjwa wake.

Uhakika ukaja wenyewe, kwenye gari lenye vumbi. Yule mtaalamu wa chuo kikuu alipita akielekea Mwanza, akaingia kusalimia, akaoneshwa karatasi. Akacheka. Akasema kile kitu ni mabaki ya nyota iliyolipuka, na mabaki hupoa. Kila mwaka kinafifia kidogo, sasa wataalamu wenzake wote wanalijua, na wanaokitumia kama kipimo huongeza hesabu ya kufidia kulingana na mwaka. Hivi hakuna aliyekuandikia? Mwalimu alisimama pale na karatasi zake. Jiwe la kilo la dunia lilikuwa linaliwa na hewa siku zote, na yeye alikuwa amemfukuza mke kwa ajili yake. Jioni ile ile alikuja kwangu. "Shehe," akasema, ndivyo alivyoniita ingawa sijawahi kuongoza swala hata moja, "twende Rwamgasa. Wewe ndiwe msemaji wangu."

Tulipanda basi, tukavuka Busisi kwa kivuko, tukamalizia kwa lori la wachimbaji waliokaa juu ya viroba vyao. Kule machimboni niliona jambo ambalo bado nalifikiria. Mnunuzi wa dhahabu alikaa kwenye kigoda na mizani ndogo, na upande wa pili wa mizani aliweka njiti za kiberiti badala ya mawe ya kupimia. Nikamuuliza mchimbaji mmoja, kijana wa Bukombe, njiti ikilowa si inakuwa nzito? Akasema, "Inakuwa. Masika mzee anatuondolea uzito wa unyevu." Maana yake anafidia. "Na asipofidia?" Akanishangaa kidogo. "Mzee huyu? Huyu kanizikia baba." Hapo ndipo alipoishia kuhusu njiti, na aliona amenijibu.

Baba mkwe alitupokea vizuri. Nilianza hotuba niliyoitunga njia nzima, Kiswahili cha kupigwa pasi hasa, na mzee alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kisha akasema, "Wabeja," yaani asante, akamgeukia mkwewe akamwuliza kwa Kisukuma nilikuwa nasema nini. Mwalimu akaeleza mwenyewe. Akaeleza nyota, akaeleza kufifia, akasema binti hana kosa, amethibitisha. Shemeji aliitwa, akaja akakaa kwenye mkeka, mtoto mapajani. Alikuwa amekonda.

"Kwa hiyo nyota imekubali kosa," akasema.

"Ndiyo. Nimekuja na ushahidi, mke wangu. Karatasi ninazo hapa."

"Na yule bwana asingepita na gari lake?"

Baba mkwe alikohoa. Kuku walipita kati yetu.

"Ungekuja?" Shemeji akauliza tena.

"Nisingekuwa na uhakika," akasema Mwalimu, na namheshimu kwa kutodanganya pale.

"Mimi nilikwambia kwa mdomo wangu sijachota. Ulikuwa na neno langu ukaona halitoshi mpaka litiwe muhuri na mzungu wa nyota." Mtaalamu yule hakuwa mzungu, alikuwa mtu wa Kilimanjaro, lakini si mahali pa kusahihisha. "Rudi nazo karatasi zako. Siku utakayokuja huna cha kunionyesha, nitakusikiliza."

Tulirudi Shinyanga. Niliona mwanamke huyu amevuka mpaka, nasema wazi. Mtu amesafiri, amekiri mbele ya mkwe, anataka nini tena? Lakini miezi michache baadaye, msimu wa kuvuna pamba, niliona lori limesimama uani na Shemeji anashuka, na mtoto, na jogoo aliyefungwa miguu. Mwalimu alibeba furushi. Nilipouliza alisema nini safari hii akakubaliwa, wote wawili walinitazama kama niliyeuliza rangi ya nguo zao za ndani. Mashine ilirudishwa chuoni mwaka ule. Nyaya zikabaki, wavulana wakaanika mashati kwa amani. Waliishi pale hadi Mwalimu alipostaafu wakahamia Kalangalala, karibu na ndugu za Shemeji, na kila nilipokwenda kuwatembelea alinitukana kwa upendo kuanzia mlangoni.

Jumanne, siku ya pili ya matanga, Mwalimu alinivuta tukakae nyuma ya nyumba, mbali kidogo na watu. Amezeeka. Ndevu nyeupe, na shati lilifungwa kifungo kimoja juu, kwa sababu aliyekuwa akilitazama kabla hajatoka hayupo. Akaniambia kuna jambo hajawahi kumwambia mtu.

"Tuliporudi ile safari ya kwanza nilikaa nikapiga hesabu," akasema. "Yule bwana alinipa kiasi ambacho nyota hupungua kwa mwaka. Nikakitoa kwenye vilima vyangu, mwaka mmoja mmoja. Nilitaka niwe na jambo safi la kumpelekea."

"Ikatoka?"

"Haikutoka. Kufifia kwa nyota kulifuta sehemu ya upungufu. Sehemu nyingine ikabaki. Miaka ya ukame ndiyo ilibaki zaidi."

Niliwasikia wanawake wakiosha vyombo upande ule. Nilijua anachoniambia, na sikupenda kukijua siku ile, kaburi likiwa bado na unyevu.

"Kwa hiyo ushahidi wako ulikuwa umekufa," nikasema.

"Umekufa kabisa. Labda mashine ilizeeka. Labda betri. Labda nta ya kile kikopo ilivuja."

"Au maji."

"Au maji," akasema. "Kulikuwa na mtoto ndani ya nyumba."

"Sasa alichota?"

Alinigeukia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake ujana wote. "Alisema hakuchota," akasema. "Nilipomaliza hesabu ile nikaichoma jikoni, kesho yake nikapanda basi. Ndiyo siku niliyokwenda kumchukua. Aliniuliza umekuja na nini, nikamwambia sina kitu."

"Hukumwambia habari ya hesabu? Miaka yote hii?"

"Ningemwambiaje, Shehe? Angedhani namuuliza tena."

Nimerudi Shinyanga na maneno hayo, na tangu nirudi sijaweza kufanya kazi ya maana. Natamani yule mama awe hai hata kwa dakika ya kunicheka. Natamani ningejua alichokuwa nacho moyoni wakati Mwalimu alipofika mikono mitupu, kama alielewa amepewa nini. Tunaishi zama za kutaka vithibitisho: risiti, vyeti, barua ya mwenyekiti, mihuri juu ya mihuri, na si vibaya, mimi mwenyewe nisingemkopesha mtu baiskeli bila shahidi. Lakini tumeanza kudhani kwamba mtu aliyesafishwa na ushahidi ndiye tuliyemwamini. Huyo tumemkagua tu, na kazi hiyo hata mlinzi wa ghala angeweza kutufanyia. Rafiki yangu alimwamini mkewe siku hesabu ilipomkataa, na akaishi naye na ule upungufu ndani ya nyumba hadi Jumapili hii, bila kuutaja.